SOMO LA MAKATIBU: JINSI BARUA PEPE IPITAVYO KUTOKA MTANDAO HADI MTANDAO



Siku hizi barua nyingi za vyama vyetu hazipiti tena katika sanduku la posta. Taarifa ya mkutano mkuu, bei za mazao, hesabu za robo mwaka na maombi ya pembejeo hupelekwa kwa barua pepe. Lakini barua ikikosa kufika, mara nyingi husikika majibu mawili tu: mmoja husema, "Nilituma," na mwingine husema, "Sikuona." Majibu hayo hayatoshi katika ofisi inayotunza mali ya watu. Mkulima aliyepeleka magunia ya kahawa ghalani hathibitishi kwa kusema kwamba alipeleka, huonyesha stakabadhi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na barua ya chama ni mali ya chama.

Madhumuni ya somo hili ni kueleza njia ipitwayo na barua pepe, kuanzia mezani kwa mtumaji hadi sandukuni mwa mpokeaji. Baada ya kulisoma, katibu aweze: (a) kutambua mahali barua ilipokwama, (b) kutofautisha barua ya kweli na ya mlaghai, na (c) kuishauri kamati ya chama juu ya anwani inayofaa.

1. Barua husafiri kwa kupokezana

Wengi hudhani kwamba barua pepe huruka moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta, kama sauti katika simu. Sivyo. Barua pepe hupokezanwa. Kompyuta moja huipokea yote, huihifadhi, kisha huitafutia kompyuta nyingine iliyo karibu zaidi na mwenyewe na kuikabidhi. Kompyuta hizo za kupokea na kupeleka huitwa seva, nasi twaweza kuzifananisha na vituo vya posta, au na maghala ambayo mazao hupitia kutoka chama cha msingi hadi kiwandani.

Jambo la kushika hapa ni hili: kila seva ikubalipo kupokea barua hutoa jibu la kukubali, na tangu hapo huwa imebeba dhamana. Kwa mujibu wa kanuni, ni lazima ama iifikishe barua mbele, ama imwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Ile iliyotangulia haiifuti nakala yake mpaka ipate jibu hilo. Ni utaratibu uleule wa hati ya kupokelea mzigo: dereva hatui mzigo mabegani mwake mpaka mtunza ghala atie sahihi.

2. Zamani mtumaji alilazimika kuijua njia

Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani aitwaye Ray Tomlinson, wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman, alipeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia mtandao wa ARPANET. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimekaa jirani, lakini barua ilipita mtandaoni. Ni yeye aliyechagua alama ya @ ili itenge jina la mtu na jina la kompyuta yake.

Katika miaka iliyofuata mitandao mingine ilizaliwa, kila mmoja na desturi zake. Palikuwa na UUCP, njia iliyotungwa katika maabara za Bell nchini Marekani katika miaka ya 1970. Kompyuta za UUCP zilipigiana simu za kawaida, aghalabu usiku wakati simu zilipokuwa rahisi, zikapeana barua na kukata. Palikuwa na BITNET, iliyoanza mwaka 1981 kwa kuunganisha chuo kikuu cha jiji la New York na kile cha Yale. Kisha mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet, mtandao wa watu wenye kompyuta ndogo za nyumbani, ambao anwani zake ziliandikwa kwa namba. Kila pande la dunia lilikuwa na namba yake, na Afrika ilipewa namba 5.

Katika UUCP mwandishi wa barua alitakiwa aandike kila kituo ambacho barua itapita, akivitenga kwa alama ya mshangao. Tuchukue mfano wa kubuni. Anwani ya mto!ziwa!bonde!katibu maana yake ni hii: mpe kompyuta iitwayo mto, nayo impe ziwa, ziwa impe bonde, na bonde imtilie katibu. Kila kituo kilikata jina lake na kupeleka kilichobaki. Kituo kimoja kikifungwa, anwani yote ilikufa. Tena mtu mmoja alikuwa na anwani nyingi, kwa kuwa anwani ilitegemea anayeandika yuko wapi, kama vile njia ya kwenda sokoni isivyokuwa moja kwa atokaye mlimani na kwa atokaye ziwani. Watumiaji wa UUCP walilazimika kuchora ramani za vituo na kuzisambaza mara kwa mara, na programu maalumu ikatungwa ya kutafuta njia nafuu katika ramani hizo.

3. Taabu ya malango

Taabu iliongezeka barua ilipotakiwa kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mahali pa kuvukia paliitwa lango: kompyuta yenye mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, ikijua desturi za pande zote mbili. Lango lilipokea barua kwa desturi ya mtandao wa kwanza, likageuza anwani, kisha likaipeleka kwa desturi ya mtandao wa pili. Ndiyo sababu watu waliandika anwani kama katibu%bonde@lango. Mtandao wa kwanza uliisoma sehemu iliyofuata alama ya @ tu, ukaipeleka barua langoni. Lango likaigeuza alama ya asilimia kuwa @, na safari ikaendelea upande wa pili.

Lakini pale desturi zilipogongana, barua zilipotea. Tazama anwani hii ya kubuni: mto!katibu@ziwa. Kompyuta iliyofuata desturi ya ARPANET iliipeleka kwanza ziwa, ili ziwa iipeleke mto. Kompyuta iliyofuata desturi ya UUCP iliipeleka kwanza mto, ili mto iipeleke ziwa. Anwani ni moja, wasomaji wawili, na safari mbili zilizopishana. Hakuna aliyekosa, kila mmoja alifuata sheria ya kwao. Kosa lilikuwa kutokuwapo kwa sheria moja. Eric Allman, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, alitunga programu iitwayo sendmail ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kusoma anwani za namna zote hizo na kuamua barua iende wapi.

Nasi Afrika Mashariki tulipitia malango hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika, vituo vya FidoNet katika miji kama Nairobi na Kampala vilikusanya barua za watafiti na mashirika ya hiari. Barua hizo zilipelekwa kwa simu hadi lango la GreenNet mjini London, nalo likaziingiza katika mitandao mingine ya dunia. Majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa upande wa afya, shirika la SatelLife la Marekani lilitumia setilaiti ndogo, mojawapo ikiwa HealthSat-2 iliyorushwa mwaka 1993. Setilaiti ya namna hiyo hupita juu ya kituo mara chache tu kwa siku. Ipitapo hupokea barua zilizongoja, huzibeba, na kuzishusha juu ya kituo kingine saa kadhaa baadaye. Barua zilichelewa, lakini madaktari waliokuwa mbali na maktaba walipata habari walizozihitaji.

4. Anwani yatengwa na njia

Ufumbuzi ulikuja kwa hatua tatu. Kwanza, mwaka 1982 Jon Postel alitoa waraka wa itifaki ya SMTP, yaani kanuni za mazungumzo baina ya seva mbili zinazokabidhiana barua. Pili, mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mpango wa majina ya kompyuta ulio kama daftari kubwa lililogawanywa duniani kote, kila mwenye jina akitunza ukurasa wake. Tatu, mwezi Januari 1986 Craig Partridge alieleza katika waraka wake jinsi ya kuandika katika daftari hilo seva ipi hupokea barua za jina fulani. Maandishi hayo huitwa rekodi ya MX.

Jina linaloandikwa baada ya alama ya @ huitwa jina la kikoa. Neno lenyewe ni la kale. Wazee wetu walikula kikoa, yaani walishirikiana chakula kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Vivyo hivyo kikoa cha mtandaoni hukusanya anwani nyingi chini ya jina moja.

Faida ya hatua ya tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tangu hapo anwani humtaja mtu na kikoa chake. Haitaji tena njia. Njia hutafutwa wakati wa safari, kwa kuuliza daftari. Hata chuo kilichokuwa na simu ya UUCP tu kiliweza kuwa na kikoa chake, kwa kuandika katika daftari kwamba barua zake zipokelewe na lango fulani. Mwandishi hakuhitaji kujua kama mpokeaji yuko katika BITNET, UUCP au kwingineko. Mitandao ile mingi imekwisha fungwa au kumezwa na intaneti, lakini kanuni hiyo ndiyo inayobeba barua zetu hata leo.

5. Safari ya barua ya leo

Tuseme katibu wa chama cha msingi anamwandikia katibu wa chama kikuu, ambaye anwani yake ni katibu@chama.mfano. Mambo huenda hivi:

(a) Katibu abonyezapo kitufe cha kutuma, barua hufika kwanza kwa seva ya huduma yake mwenyewe. Seva hiyo humtambua kwa jina na neno lake la siri. Neno "imetumwa" analoliona lina maana ya hatua hii tu, na halithibitishi kwamba barua imefika.

(b) Seva husoma sehemu iliyo baada ya alama ya @, kisha huuliza daftari la majina: ni nani apokeaye barua za chama.mfano? Daftari hujibu kwa rekodi za MX. Zikiwa zaidi ya moja, kila moja ina namba, na yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Nyingine ni za akiba.

(c) Seva ya mtumaji huiita seva ya mpokeaji. Hujitambulisha, hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, kisha hukabidhi barua. Kila neno hujibiwa kwa namba. Namba 250 maana yake ni "nimekubali". Namba inayoanza na 4 maana yake ni "si sasa, rudi baadaye". Namba inayoanza na 5 maana yake ni "hapana, usirudi".

(d) Ikijibiwa kwa namba ya 4, au ikikuta seva ya pili imezimika, seva ya mtumaji huiweka barua katika foleni na kujaribu tena. Kanuni hushauri kungoja angalau nusu saa kati ya jaribio na jaribio, na kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5, ingawa huduma nyingine hukata tamaa mapema.

(e) Ikikubaliwa, barua huwekwa katika sanduku la mpokeaji, nalo lingali ndani ya seva. Mpokeaji huisoma wakati atakapofungua.

Kila seva iliyoipokea barua huigonga muhuri wake juu kabisa, ukionyesha imetoka kwa nani, imepokewa na nani, na saa ngapi. Mihuri hiyo hufichwa kwa kawaida, lakini programu nyingi za barua zina mahali pa kuionyesha. Husomwa kutoka chini kwenda juu, maana wa kwanza kugongwa uko chini. Saa za Afrika Mashariki huandikwa +0300, kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele ya saa za dunia. Kwa hiyo barua ikichelewa siku mbili, mihuri itaonyesha ililala wapi.

6. Barua isipofika

Seva ishindwapo humwandikia mtumaji taarifa ya kushindwa. Taarifa hiyo huwa na maneno mengi ya Kiingereza, na makatibu wengi huifuta bila kuisoma. Isifutwe. Itafutwe ile namba. Namba 550 aghalabu huonyesha kwamba anwani haipo, au kwamba seva ya pili imekataa barua. Namba 552 huonyesha kwamba sanduku limejaa au barua ni kubwa mno.

Juu ya ukubwa, ijulikane kwamba kanuni za mwanzo zilikusudiwa kubeba herufi za kawaida tu. Kwa sababu hiyo picha au kitabu cha hesabu kilichoambatishwa hugeuzwa kwanza kuwa herufi, na uzito wake huongezeka kwa kiasi cha theluthi moja. Kiambatisho cha megabaiti 18 husafiri kama megabaiti 24. Katibu anayeona kiambatisho chake kiko chini ya kipimo, na bado kinakataliwa, ajue sababu ndiyo hiyo.

Ikiwa hakuna taarifa ya kushindwa wala jibu, mpokeaji atazame katika sanduku la barua taka. Seva za leo hupokea barua nyingi za hila, na zinaposhuku barua huitupa huko bila kumwambia mtumaji. Kwa ajili hiyo taarifa za mkutano mkuu na mambo yenye tarehe ya mwisho zisiachwe kutegemea kimya. Mpokeaji aombwe kujibu, hata kwa neno moja: "Nimepokea." Hiyo ndiyo stakabadhi.

7. Bahasha, barua na mlaghai

Barua pepe ina bahasha na barua ndani yake. Bahasha ndiyo seva huisoma wakati wa kukabidhiana. Jina la mtumaji unaloliona kwenye kioo limeandikwa ndani ya barua, na kanuni za mwanzo hazikudai lihakikishwe. Kama vile mtu yeyote awezavyo kuandika chini ya karatasi jina la mwenyekiti, ndivyo awezavyo kuandika jina hilo katika barua pepe. Mihuri ya chini nayo yaweza kughushiwa. Iliyo ya kuaminika ni ile iliyogongwa na seva ya huduma yako wewe.

Ili kupunguza ulaghai huo, mwenye kikoa aweza siku hizi kutangaza katika daftari la majina ni seva zipi tu zinazoruhusiwa kupeleka barua zake. Kadhalika seva yake yaweza kuitia kila barua sahihi ya kimahesabu inayohakikishwa na mpokeaji. Chama chenye kikoa kimtake fundi wake athibitishe kwamba mambo hayo mawili yamefanywa.

Hata hivyo ulinzi huo hauzuii kila kitu. Mlaghai aweza kununua kikoa kinachofanana na cha kweli, tofauti ikiwa herufi moja. Aweza pia kuiba neno la siri la mtu wa kweli na kuandika kutoka sanduku lake hasa. Hapo mihuri na sahihi zote zitakuwa halali. Tuseme chama kinataka kumlipa muuzaji wa mbolea, na siku mbili kabla ya malipo inafika barua isemayo kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mshika fedha afanyeje? Asijibu barua hiyo, maana jibu litamrudia mlaghai. Ampigie muuzaji kwa namba ya simu iliyomo katika jalada la zamani, asitumie namba iliyomo katika barua yenyewe, na badiliko liidhinishwe na kamati kwa maandishi. Fedha ikishaondoka, kuirudisha ni kazi ngumu, na hasara ni ya wanachama wote.

8. Anwani iwe ya chama

Linabaki jambo la mwisho. Katika vyama vingi barua zote hupitia anwani ya binafsi ya katibu. Katibu akihama au akiondolewa, barua za miaka mingi huondoka naye, na wanunuzi huendelea kumwandikia yeye. Tumekwisha ona kwamba anwani ilitengwa na njia. Maana yake kwetu ni kwamba chama chenye kikoa chake chaweza kubadili huduma ya barua, fundi au kompyuta, na anwani ikabaki ileile. Kinachobadilishwa hasa ni rekodi ya MX.

Lakini faida hiyo ni ya mwenye kikoa. Basi kamati ihakikishe kwamba kikoa kimeandikishwa kwa jina la chama, si la fundi wala la katibu. Kwamba ada yake imo katika makisio ya kila mwaka, kwa kuwa kikoa kisicholipiwa hufungwa na barua za wote hurudi. Na kwamba anwani hutaja cheo, kama katibu au mhasibu, ili atakayerithi kiti arithi na sanduku. Mabadiliko ya neno la siri yawe sehemu ya makabidhiano ya ofisi, pamoja na funguo, mihuri na vitabu vya hesabu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katibu asemapo barua "imetumwa", imefika kwa nani hasa?
2. Kwa nini mtu mmoja wa UUCP alikuwa na anwani nyingi, ilhali leo anwani moja yatosha kwa dunia nzima?
3. Chama chenu kilipopokea taarifa ya kushindwa kwa barua mara ya mwisho, nani aliisoma, na hatua gani ilichukuliwa?
4. Kikoa au anwani ya chama chenu imeandikishwa kwa jina la nani? Ada yake hulipwa lini?
5. Andikeni utaratibu utakaofuatwa na mshika fedha wenu siku itakapofika barua ya kubadili akaunti ya malipo. Ujadiliwe katika mkutano wa kamati na uingizwe katika kumbukumbu.